Vikombe vya Kanisa Vilivyotoka Baa

Saa moja asubuhi, nyuma ya gereji moja mjini Kambu, mashavu ya Wavinya Ndululu yamevimba kama ya mtoto aliyefumaniwa na andazi zima mdomoni. Anapuliza bomba la chuma. Kwenye ncha yake, donge la kioo cha moto linatanuka taratibu hadi kuwa kikombe.

Kabla hakijapoa anakibonyeza kwa msumari, kidoa kando ya kidoa, mfano wa unyoya wa kanga. Kisha anakifukia kwenye jivu la moto.

"Ukikitoa kabla ya kesho kinapasuka," asema. "Kioo ni kama mama mkwe, hakitaki kuharakishwa."

Wavinya, 36, alijifunza kazi hii Nairobi, katika karakana aliyoajiriwa kufagia. Alifagia miaka sita, macho yakiwa zaidi kwa mafundi kuliko kwa ufagio. Leo tanuri lake linakula oili chafu ya magari, na chupa huzinunua kwenye baa za barabara ya Mombasa, shilingi mbili moja.

Hizo chupa nusura zimponze. Mwezi wa Machi kanisa lake lilimwagiza vikombe themanini vya Meza ya Bwana, shilingi mia mbili kila kimoja. Alikuwa hajawahi kupata kazi kubwa hivyo. Alivipeleka viking'aa rangi ya asali. Wazee wakavisifu, mpaka Mzee Kimeu akauliza rangi hiyo imetoka wapi.

Wavinya angeweza kusingizia udongo. Akasema ni chupa za bia.

Mzee Kimeu akalisukuma sanduku la vikombe kando, akatangaza kwamba vyombo vya baa havitapanda madhabahuni.

"Mzee wangu," Wavinya akamjibu polepole, "kila Jumapili unatutolea ushuhuda vile ulitolewa baa ukaoshwa. Chupa hizi nazo nimezitoa huko huko, na zimepitia moto ambao wewe hukupitia."

Mke wa mzee, Mama Ndunge, ndiye aliyeanza kucheka. Pasta alijificha nyuma ya Biblia, lakini mabega yakamsaliti. Mzee mwenyewe alishindana na mdomo wake, akashindwa. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuchukua kikombe.

Sasa Wavinya anajenga tanuri la pili. Anataka kuwafundisha wanawake watano wa eneo la Matiliku kutengeneza vyombo vya maua vyenye umbo la viota vya ndege. Chupa hazitakosekana: Mzee Kimeu amejitolea kuzikusanya mwenyewe kwenye baa kila Jumatatu.

Mama Ndunge humfuata nyuma, kuhakikisha zilikuwa tupu kabla mzee hajaingia.