Kioo cha Ukumbi wa Kanisa

Kompyuta ya kanisa letu pale Dandora ilikuwa na swichi moja tu, nyekundu, ubavuni mwa sanduku lake. Ukiibonyeza, feni ilianza kuvuma, mashine ikatoa mlio mfupi, na baada ya muda wa kutosha sala fupi, herufi za kijani zikajitokeza kwenye kioo. Kioo chenyewe kilipata umeme kupitia nyuma ya sanduku, kwa hiyo kiliwaka na kuzimika pamoja nalo. Hatukuwahi kukigusa. Mgeni aliyetuletea mashine hiyo kutoka ng'ambo, katikati ya miaka ya themanini, alikaa nasi wiki mbili akanifundisha mimi niwafundishe wengine. Sikuwa mtu wa mashine. Nilikuwa nimesoma chuo cha Biblia, nikawa mzee wa kanisa na karani wa ushirika. Lakini nilikuwa na subira, na wazee wenzangu walisema subira ndiyo iliyohitajika.

Katika wanafunzi tisa wa kwanza alikuwamo mke wangu. Alikuwa amepiga taipu miaka kumi na mmoja katika ofisi moja ya Industrial Area, hadi ofisi hiyo iliponunua kompyuta na kuwaachisha kazi wasiozijua. Mkubwa wake wa zamani, mtu mwenye utu, alimwambia kwamba mwisho wa mwezi wa tatu kungekuwa na nafasi moja. Ajifunze, aje ajaribiwe pamoja na wengine. Tuliingoja siku hiyo kama watu wangojavyo mvua. Mke wangu hakuwa mtu wa soko wala wa shamba. Kazi yake ilikuwa katika vidole vyake, na hatukujua mlango mwingine ambao ungemfungukia tena.

Ukumbi wetu ulikuwa wa mabati, na barabara iliyopita mbele yake haikuwa na lami. Upepo ulipovuma kutoka upande wa jaa, vumbi na majivu viliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Akina mama walilizungumza jambo hilo katika mkutano wao, na mke wangu akajitolea. Kila nyumba niliyoijua wakati ule ilikuwa na vitambaa vya kufuma, juu ya viti, juu ya redio, juu ya televisheni kwa waliokuwa nayo. Kitu cha thamani kuachwa uchi lilikuwa jambo la aibu. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembeni, kikubwa cha kufunika kioo chote hadi mezani. Kisha, kwa kuwa kazi ya kufuma ina matundu, akakishonea bitana nene ndani ili vumbi lisipite. Kilipowekwa, akina mama walipiga vigelegele. Nami nilijivuna.

Mgeni alikuwa ametuonya kwamba kuwasha na kuzima mara kwa mara huidhoofisha mashine. Kwa hiyo tuliiwasha asubuhi na kuizima jioni. Saa ya chakula, na wakati wa ibada ya adhuhuri, tuliifunika kitambaa hivyo hivyo ikiwaka, tukaenda zetu. Tulidhani tunaitunza.

Siku moja ya mwezi wa pili tulirudi kutoka ibadani tukakuta harufu kama ya nywele zilizoungua. Mke wangu alikivuta kitambaa. Kioo kilikuwa cheusi. Ndani ya sanduku feni ilikuwa bado inavuma, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilizima, nikahesabu hadi mia, nikawasha. Nilizungusha vifundo viwili vya mwanga vilivyokuwa chini ya kioo, kulia, kushoto, kulia. Nilichomoa waya unaotoka kwenye sanduku, nikatazama vijipini vyake kama kimoja kimepinda, nikaurudisha na kukaza skrubu zake. Nilibadilisha fyuzi ya plagi. Mmoja wa wanafunzi akakipiga kioo kofi ubavuni, kama tunavyofanya redio. Tukaomba. Sioni haya kusema kwamba tuliomba, tisa na mimi, tumeweka mikono juu ya meza. Tulipofumbua macho hakukuwa na kitu.

Nilimwita fundi wa televisheni kutoka Kariobangi, mtu mwembamba aliyekuja na bisibisi mbili mfukoni na mdomo usiopumzika. Aliwasha, akasogeza mkono wake karibu na kioo bila kukigusa.

"Njoo, mzee. Weka mkono hapa. Unasikia vinyweleo vikisimama?"

"Sisikii kitu."

"Basi. Kioo kikiwa hai, vinyweleo husimama. Hiki ni maiti." Alifungua mgongo wa kioo, akanusa, akacheka. "Mathe, hii mlikuwa mnaifunika na nini?"

Mke wangu akamwonyesha kitambaa. Fundi alikishika, akakipindua, akaitazama bitana.

"Kazi safi. Lakini mmeivalisha koti na jua lote hili! Hii kitu inapumua kwa mgongo, mathe. Si mnaona matundu haya? Mmeiziba pua ikiwa inafanya kazi."

"Inaweza kupona?" nikamuuliza.

"Kile kipande kinacholisha kioo umeme mkali kimeyeyuka. Sisi huita flaibeki. Za televisheni ziko, hata za mitumba. Ya hii, uende ukaitafute huko ilikotoka." Akafunga skrubu zake. "Sanduku lenu ni zima, lakini. Linafikiri vizuri tu. Ni vile haliwezi kuwaambia linafikiri nini."

Mke wangu alikikunja kitambaa mara nne akakitia kikapuni, na sikukiona tena.

Nilimwandikia mgeni wetu. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, barua nzuri yenye salamu kwa kila mmoja, ikisema amefurahi kusikia kwamba darasa linaendelea. Sijui kama aliisoma barua yangu hadi mwisho, au kama Kiingereza changu kilikuwa cha adabu mno, kikaficha shida yenyewe.

Kilichofuata kilikuwa wazo langu. Nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba sanduku ni zima na mashine ya kuchapisha tuliyoletewa pamoja nalo ni nzima. Anayejua taipu haangalii vidole vyake. Basi tutajifunza bila kuangalia kioo pia. Tutaweka diski, tutawasha, tutasikiliza mlio, tutabonyeza kitufe cha kuingiza mara mbili kuruka tarehe na saa, tutaita programu kwa jina lake, tutahesabu hadi thelathini, tutaandika. Tukimaliza, tutatoa amri ya kuchapisha, na karatasi itatuambia kama tulikosea. Niliwakumbusha kwamba kuamini hakungoji kuona. Nilisema hayo kwa moyo safi. Darasa likaitika amina.

Wanne waliacha wiki hiyo. Watano walibaki, na mke wangu aliwashinda wote. Alikaa mbele ya kile kioo cheusi, mgongo umenyooka, akaandika barua nzima za biashara, na karatasi ilipotoka ikikwaruza mstari kwa mstari, kosa lilikuwa moja, au hakuna. Mwanzoni alikuwa akilalamika.

"Baba watoto, ni kama kusuka mtu usiyemwona kichwa."

"Usilalamike. Endelea tu."

"Nikikosea katikati nitajuaje?"

"Utajua mwishoni. Endelea."

Baada ya wiki tatu hakulalamika tena. Hata macho yake hayakuelekea kwenye kioo. Aliyaweka kwenye karatasi ya kunakili, basi. Nilimsifu kwa hilo mbele ya wenzake.

Siku ya jaribio tulitoka mapema kwa miguu, tukapita barabara ya Outer Ring tukiwa na viatu vyetu vizuri mkononi kwa sababu ya matope, tukavivaa tulipofika kwenye lami. Alivaa sweta yake ya bluu. Mlinzi aliniruhusu kumsindikiza hadi ndani, nikapewa kiti kando ya mlango. Chumba kile kilikuwa na meza sita na makarani wakifanya kazi zao, na meza ya saba ilikuwa ya jaribio. Watu wawili walikuwa wameshajaribiwa, wakakaa ukutani kusubiri majibu. Kijana mwenye tai alimpa mke wangu barua ya kunakili, akamwambia mashine ni ile, aiwashe mwenyewe aanze, naye akaenda kujibu simu.

Mke wangu alitafuta swichi ya sanduku akaipata. Feni ikavuma. Mlio ukasikika. Nilimwona akibonyeza kitufe mara mbili, akiandika neno fupi, midomo yake ikihesabu. Kisha akaanza. Vidole vyake vilikimbia hata karani mmoja akageuka kumtazama. Mara kwa mara mashine ilitoa mlio, naye akabonyeza na kuendelea, kama mtu aliyezoea kengele ya taipureta mwishoni mwa mstari.

Kutoka pale mlangoni nilikiona kioo vizuri kabisa. Kilikuwa cheusi. Nilikitazama dakika nzima, na Mungu ni shahidi wangu, sikushtuka. Niliona mke wangu akiandika vizuri, nikashukuru kimoyomoyo.

Kijana mwenye tai alirudi, akasimama nyuma yake.

"Mama, unaandika wapi?"

"Naandika hii barua mliyonipa." Hakuacha kuandika.

"Kioo hujawasha."

Akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza kitufe kidogo chini ya kioo. Polepole mwanga wa kijani ukaja, na kila mtu aliyekuwa karibu akaona. Programu ya ofisi ile haikuitwa kwa jina la programu yetu. Tangu mwanzo mashine ilikuwa imelikataa lile neno lake fupi, na barua yote aliyoiandika, sentensi kwa sentensi, ilikuwa imeipokea kama amri isizozijua. Kioo kizima kilijaa jibu lile lile moja la kukataa, kutoka juu hadi chini.

"Mama," kijana akasema, na hakuwa mkali, "mtu akiona giza si huuliza?"

"Kwetu haiwaki," mke wangu akajibu.

Karani mmoja alicheka. Mwingine akamwambia, "Wacha, bwana," lakini naye alikuwa akicheka. Kijana aliomba radhi kwa niaba yao, akasema wangetuandikia. Mkubwa wa zamani wa mke wangu alipita mlangoni, akatusalimu kwa heshima, akatazama kioo, kisha akatazama sakafu.

Tulipokaribia Donholm, njiani kurudi nyumbani, akaniambia:

"Ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unakiona?"

"Nilikiona."

"Na hukusema."

Nilisema kwamba nilidhani ni sawa. Nilisema kwamba ndivyo tulivyozoea. Alisimama akavua viatu, maana tulikuwa tumefika kwenye matope, akatangulia.

Nafasi ile ilipewa mmoja wa wale wawili waliokaa ukutani. Barua ilikuja kama walivyoahidi, fupi, imechapwa vizuri. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Nilianza kumwambia kwamba Bwana ana mlango mwingine. Aliinua mkono, kwa upole tu, kama mtu anayemzuia mtoto asimwage chai.

"Si leo, Baba watoto."

Jumatatu iliyofuata alikuja nami ukumbini. Nilidhani amekuja kuendelea, nikafurahi. Wanafunzi wanne walikuwa tayari wamekaa, mmoja ameshawasha sanduku na anahesabu. Mke wangu hakukaa. Alisimama kando ya meza akawaeleza yote yaliyompata, tangu kitufe asichokijua hadi kicheko, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akasema, "Hapa mnajifunza kutouliza. Mimi nimeshahitimu. Ninyi nendeni nyumbani."

Walinigeukia mimi. Nilikuwa mwalimu, na mzee wa kanisa, na miaka yote nilikuwa nimehubiri kuvumilia. Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, na yote yalikuwa ya kweli. Nilitazama uso wa mke wangu nikayaacha.

"Mwalimu," akauliza mama mmoja aliyekuwa akitoka mtaa wa Huruma kila siku kwa miguu, "turudi lini?"

"Msirudi," nikasema.

Walikusanya madaftari yao. Mke wangu akanyoosha mkono akabonyeza swichi nyekundu. Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza, nami nikatafuta ufunguo wa ukumbi.