Mfungo wa Watoto wa Mwalimu Kalonji

Mtoto anayekwenda kupokea Ekaristi kwa mara ya kwanza asitie kitu kinywani tangu saa sita ya usiku: si muhogo, si ugali wa bukari, si tone la maji. Sheria hiyo Wenceslas Kalonji aliishika, na kuwashikisha wengine, miaka kumi na mitatu katika shule ya misheni ya Kamina. Kila mwaka aliisema mbele ya darasa kidole kikiwa juu, kisha akaongeza neno lililokuwa lake mwenyewe: atakayejisahau, aje aseme. Asemaye kosa lake hachapwi. Na kweli, watoto walikuja kwake, mmoja aliyevunja kibao cha kuandikia, mwingine aliyeiba muwa, na hakuna aliyeonja fimbo.

Alikuwa mtu wa Kasai. Akiwa na miaka kumi aliletwa Kamina na baba yake, ambaye alifuata kazi ya kutandika reli. Mapadri waliona akili yake wakampeleka seminari ndogo. Baada ya miaka miwili alirudishwa na barua fupi: kijana ni mwema, ila hatulii. Mwaka 1938 alipewa chaki na darasa.

Kutotulia huko kulikuwa tabia yake mpaka uzeeni. Alifundisha akitembea, akasahihisha madaftari akiwa wima, akala amesimama mlangoni. Wanafunzi walisema kuna mwiba ndani ya viatu vyake. Mkewe, Biuma, alizoea kuwaambia wageni, "Kiti ya hii nyumba itakufa bila kumujua bwana yangu."

Siku za kawaida zilimchosha mtu wa namna hiyo. Sikukuu za shule ndizo zilizompa kazi iliyomtosha, na Padri Mkuu, ambaye alimfahamu, alimkabidhi zote. Siku ya Mtakatifu Nikola alishona ndevu za pamba na kusambaza peremende. Siku ya Kristo Mfalme alipanga bendera za karatasi kutoka kanisani mpaka barabara ya stesheni. Siku ya mtakatifu somo wa Padri Mkuu aliwafanyisha wavulana mazoezi ya viungo kwa fimbo, mistari sita, na ole wake aliyeinua mkono wa kushoto wengine wakiinua wa kulia. Mwezi mzima kabla ya kila sikukuu hakulala vizuri, na jioni ya sikukuu yenyewe alikuwa ameanza kuulizia ijayo.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Sikukuu ya Mwili wa Bwana, ambayo kwayo watoto walipokea komunyo ya kwanza, kisha wakatangulia maandamano wakimwaga maua njiani.

Mwaka 1951 watoto walikuwa thelathini na wanne. Aliyechaguliwa kuimba ubeti wa peke yake alikuwa Florentine, msichana wa miaka kumi, binti wa karani wa stesheni aliyeitwa Mulumba. Mama yake, Abigaïl, alilelewa kwa Wametodisti wa mji uleule. Alipoolewa alikubali watoto wabatizwe Wakatoliki, na kwa ajili hiyo baba yake, mzee Éliézer, mwalimu wa zamani wa shule ya Kimetodisti, alikaa miaka kumi na miwili bila kukanyaga nyumbani kwa mkwewe siku ya Jumapili. Mwaka huo mzee alituma neno. Atakuja kanisani kumsikia mjukuu wake akiimba. Abigaïl alimwambia Kalonji habari hiyo mara tatu kwa wiki moja, na kila mara alishika mkono wake, akimtajia benchi.

"Mwalimu, baba yangu atakaa banc ya mbele. Unasikia? Ya mbele."

Misa iliwekwa saa moja asubuhi. Ingesomwa mbele ya mgeni, padri mkaguzi wa shule za misheni, ambaye angeshuka kutoka treni ya Elisabethville alfajiri. Alfajiri ikafika, treni haikufika. Padri Mkuu akasema mgeni angojewe, naye mwenyewe akaenda kukaa stesheni na baiskeli yake.

Kulikuwa na baridi ya asubuhi za kiangazi, na watoto walikuwa wamevaa mavazi meupe yaliyopigwa pasi ya makaa. Walimu wengine waliwakalisha kando ya ukuta wa madarasa, mahali jua lilipoanza kugusa. Kalonji akawasimamisha.

"Tutakwenda kumpokea mgeni kwa wimbo," alisema.

Wakaenda stesheni wakiimba. Reli ilikuwa tupu. Wakarudi. Jua likapanda, baridi ikaisha ghafla kama inavyoisha huko. Kalonji alizunguka uwanja, akachungulia barabara, akatazama saa ya sakristia, akarudi kwenye uwanja. Ilipokaribia saa tatu akapiga makofi ili wapangwe tena.

Noé, mwalimu wa darasa la kwanza, mtu mnene asiye na haraka, alikuwa ameketi juu ya tofali.

"Kalonji, acha batoto bakae. Treni haina masikio, haitakuja juu ya wimbo."

"Wakikaa watasinzia. Wakisinzia watachafua nguo."

"Weye njo hauwezi kukaa. Batoto banaweza."

"Watoto wa sikukuu si magunia ya mahindi, Noé."

"Magunia ni heri. Inabebwa."

Walimu wengine walicheka. Kalonji hakucheka. Akawatoa watoto mara ya pili, mwendo uleule, wimbo uleule, na safari hii malori ya soko yalikuwa yameamka. Vumbi jekundu liliwaingia puani na kooni. Waliporudi walikuwa na rangi ya udongo mpaka magotini. Akawapa nafasi fupi wakapanguse miguu nyuma ya jiko la masista, ambako palikuwa na pipa la maji na kopo. Watoto ambao hawakuwa wamekunywa kitu tangu usiku, ambao walikuwa wameimba kilomita nne katika vumbi, aliwapeleka penye maji, naye akabaki uwanjani kwa sababu alisikia mlio kwa mbali akataka kujua kama ni treni.

Ilikuwa treni. Watoto wakarudi mbio kupanga mstari. Florentine hakwenda mahali pake. Alikuja akasimama mbele ya mwalimu, taji la maua likiwa limelegea juu ya sikio.

"Mwalimu, niko na neno."

"Sema upesi."

"Nilisukutua mudomo, juu ya vumbi. Sauti ilikuwa inakwama. Ya kwanza nilitema. Ya pili inashuka."

"Imeshuka yote?"

"Kidogo. Sikutaka."

"Lakini ulimeza."

"Nilimeza, Mwalimu."

"Na wenzako?"

Msichana aliangalia miguu yake, ambayo ilikuwa safi. "Minyi nasema yangu," akajibu, akijigusa kifua.

Kalonji aliutembea mstari mzima, akarudi, akautembea tena. Watoto thelathini na watatu walimfuata kwa macho, na midomo ya wengi wao ilikuwa na unyevu. Padri Mkuu alikuwa akitoka stesheni na mgeni. Kwa mguu ni mwendo wa robo saa. Ilikuwa nafasi ya kusimama na kungoja, kisha kumwuliza yule ambaye kazi yake ilikuwa kujibu. Lakini kusimama na kungoja ndicho kitu kimoja ambacho Kalonji hakukiweza maisha yake yote. Mstari ulikuwa na pengo, kengele ilikuwa karibu kupigwa, ubeti ulihitaji mwimbaji mwingine. Alilivua taji kichwani kwa Florentine kwa mikono miwili, bila ukali, akamwambia akakae na wazazi wake. Hakumchapa. Neno lake alilishika.

Mzee Éliézer alikuwa katika benchi la mbele, amevaa koti jeusi, kofia magotini. Alimwona mjukuu wake akija peke yake kutoka mlango wa pembeni, nywele wazi, akiingia kati yake na Abigaïl.

"Mwana, umefanya nini?"

"Nilisema kweli, kambo," alimjibu babu yake.

Mzee aligeukia altare. Ubeti uliimbwa na msichana mwingine ambaye hakuujua vizuri. Wakati wa komunyo watoto thelathini na watatu walipiga magoti, wakafumba macho, wakapokea. Éliézer alikaa mpaka baraka ya mwisho, kwa heshima, akatoka bila kumsalimu mtu. Abigaïl alimfuata akimvuta Florentine kwa kifundo cha mkono. Karani Mulumba alibaki mlangoni, hajui amfuate nani.

Mchana, wakati wa karamu ya wali na mbuzi, Noé alimjia Kalonji, ambaye alikuwa akila wima nyuma ya darasa.

"Ile pipa ya masista, asubuhi ilijaa. Nilijaza minyi mwenyewe, pamoja na mupishi."

"Kwa hiyo?"

"Sasa iko tupu, unaona chini yake. Miguu ya batoto thelathini na wane haikunywi pipa muzima, ndugu yangu."

Kalonji aliweka sahani chini. Akaenda kwa Padri Mkuu, akamkuta akisoma sala zake barazani, akamweleza yote kwa mfululizo. Padri alifunga kitabu juu ya kidole.

"Maji ya kusukutua, kama tone likishuka na mate bila kutaka, hayavunji mfungo. Labda lilikuwa tone, labda lilikuwa funda. Ningemwuliza mtoto."

"Ulikuwa njiani, Padri."

"Nilikuwa njiani, ndiyo. Si safarini Ulaya. Jumapili ijayo, misa ya kwanza, mlete. Nitampa komunyo mwenyewe."

Kalonji alifika nyumbani kwa karani kabla jua halijashuka. Abigaïl alikuwa akifua gauni jeupe kwenye beseni. Hakumpa kiti, naye hakukihitaji.

"Mama Florentine, Padri anasema Jumapili ijayo. Misa ya alfajiri."

"Misa ya alfajiri, wakati bantu hawako."

"Sakramenti ni ileile."

"Najua. Baba yangu aliniambia nirudi naye kwake leo, sikurudi, njo maana unanikuta hapa. Lakini niambie, Mwalimu. Bale bengine banakunywa ile asubuhi?"

Kalonji alihama kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine. Angeweza kusema hajui.

"Nafikiri wengi."

"Na banapokea."

"Wamepokea."

"Basi mutoto yangu anajifunza nini kwako?" Alikamua gauni mpaka maji yakaisha. "Kama angefunga mudomo, baba yangu angemusikia akiimba. Miaka kumi na mbili nilingoja siku moja. Sitamwingiza kwa mulango ya nyuma sawa mwizi. Kesho anaenda shule ya kambo yake."

Florentine alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Kalonji aliliita jina lake. Hatua zake zilielekea chumba cha ndani.

Jumatatu yake mwalimu aliwauliza watoto, mmoja mmoja, nani alikunywa. Aliwakumbusha kwamba asemaye hachapwi. Kila mmoja alitazama mahali palipokuwa pa Florentine, kisha akasema hakunywa. Aliwaruhusu kwenda, akabaki akitembea kati ya madawati mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Wako waliosema baadaye kwamba sheria ndiyo ilikuwa mbaya. Mwanzoni mwa 1953 Padri Mkuu alisoma kanisani barua kutoka Roma kwamba maji matupu hayavunji tena mfungo, na Noé alimgusa Kalonji kwa kiwiko. Lakini hilo si jibu. Sheria ilipokuwa sheria, ilistahili kushikwa, na mtoto aliishika vizuri kuliko mwalimu, maana aliileta ipimwe. Kosa la Kalonji lilikuwa kuhukumu kwa miguu. Mwenye kubeba sheria ya wengine ana wajibu wa kukaa kitako nayo. Asipoweza kukaa, amwachie mwingine. Yeye mwenyewe alilisema jambo hilo kwa Padri, na akaomba aondolewe katika sikukuu. Padri alikataa kwa sababu hakuwa na mtu mwingine anayejua kupanga mstari.

Aliendelea. Ndevu za pamba, bendera za karatasi, fimbo za mazoezi, maua ya maandamano, yote yalikuja kwa wakati wake, na wageni walisifu. Alifundisha hapo hapo mpaka mwaka 1959. Vibao vilivunjika, miwa iliibwa, na mara nyingi alimjua aliyefanya. Katika miaka minane hiyo, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kwake kwa hiari kumwambia kosa lake.