Mstari wa Pilau

Juzi hapa Makorora niliona watu wamepanga mstari wakigawiwa khanga zenye picha ya mgombea, nikakumbuka mchana ule wa kuchagua jumbe kule kwetu Pangani.

Enzi hizo za Mwingereza, kura yako ilikuwa kusimama nyuma ya unayemtaka. Nyuma ya jumbe wetu wa siku zote palikuwa na umati, askari wawili, na masufuria ya pilau yanayonukia iliki. Nyuma ya jirani yetu Kombo, aliyeapa kuturudishia minazi aliyotunyang'anya jumbe, walisimama watu watatu tu. Mmoja alikuwa baba.

Nilimhurumia, nikidhani atakosa chakula. Nikakimbilia mstari mrefu, nikaita, "Baba, njoo huku! Kuna nyama!"

Jumbe akacheka, akanishika kichwa. "Mwanao kakuzidi akili, Bakari." Mkono hakuuondoa.

Baba aliutazama mkono ule, akaja polepole kama anayekwenda kuzika. Wale wawili wakamfuata. Kombo akabaki peke yake juani, na jumbe akabaki jumbe.

Tulikaa watu wanne kwenye sinia moja. Baba hakuugusa upande wake. Niliumaliza mimi.