Maneno Marefu ya Mwalimu Byamungu

Mi sipendi watu wanaosema habari za Mwalimu Byamungu bila kumjua. Hapa mtaani kwetu Carama wanasema eti alikuwa anawauzia wakimbizi hadithi za kudanganya wazungu. Uongo mtupu. Alikuwa anafundisha Kiingereza, malipo yake kikombe cha maharagwe, na ukikosa maharagwe alikuambia kaa tu, tuendelee. Mi ni jirani yake mwaka wa saba huu, katikati yetu kuna ukuta wa matofali ya udongo tu, nikikohoa anasikia. Kwa hiyo mkitaka habari zake, niulizeni mimi.

Kule kwetu Kongo alifundisha shule ya msingi. Alivuka kuja Burundi na mtoto mmoja, Benite, wakati huo wa miaka mitano. Sasa ana kumi na minne, lakini ukimuona utasema kumi. Ana ugonjwa wa moyo. Daktari alimchorea baba yake kwenye karatasi, akamwambia ndani ya moyo kuna mlango haufungi vizuri, damu inarudi nyuma, na kumpasua hawawezi hapa. Mtoto analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na miguu inavimba mpaka kandambili hazivaliki. Njia ilibaki moja. Ofisi ile inayopeleka wakimbizi ng'ambo imwite baba, imhoji, imkubali, waende Benite akapasuliwe huko.

Sasa sisi wakimbizi tuna imani yetu. Tunaamini kwamba ukiingia kwenye mahojiano ukakataa mkalimani, ukajibu Kiingereza mwenyewe, dosie yako, yaani faili lako pale ofisini, inapanda juu. Nani alisema? Hakuna anayejua. Ila mkimbizi yeyote wa Kinama, wa Buterere, wa hapa Carama, muulize, atakuapia. Mwalimu naye aliamini, tena kuliko sisi sote.

Alichukua mlango wa zamani, akaupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani uani, ukawa ubao. Tulikuwa watu tisa, tunakaa juu ya vidumu. Mi nilikuwa natoka sokoni kuuza ndagala, nanuka samaki kichwa mpaka kisigino, na wenzangu walinitania kwamba hata Kiingereza changu kinanuka. Mwalimu alikuwa anayapanga maneno kwa herufi zinazofanana, kama unavyopanga ndagala kwenye ungo, wakubwa huku, wadogo huku. Yale yanayoishia kwa -tion alituachia, maana mengi tunayajua kwa Kifaransa. Siku moja akaandika herufi nane chini ya ubao: l-e-s-s-n-e-s-s.

"Hii iko mukia," akasema. "Maana yake kukosa. Sasa tunatafuta vichwa."

Akaanza kuandika. Homelessness, kukosa makazi. Sleeplessness, kukosa usingizi. Helplessness, kukosa wa kukusaidia. Defencelessness, herufi kumi na tano, kukosa cha kujikingia. Powerlessness, kukosa nguvu, na akatupa na sentensi nzima: a feeling of complete powerlessness, yaani kujisikia huna nguvu hata kidogo juu ya lolote. Hopelessness, kukosa tumaini. Tuliyasoma kwa sauti, watu wazima tisa, kama watoto wa darasa la kwanza. Nilijisikia vibaya siku ile, nawaambia kweli. Niliangalia ubao nikaona maisha yangu yamepangwa mstari kwa mstari, na mtu anataka niyakariri.

Halafu ikaja diktee. Nyie mnajua sisi Wakongo tulivyosomeshwa: mwalimu anasoma, unaandika, unakwenda nyumbani kukariri, kesho unasimama mbele ya wenzako unasema bila kuangalia daftari. Mwalimu alihitaji habari ya kutuandikisha. Badala ya kutunga, akaandika ya kwake mwenyewe. Asubuhi watu wenye bunduki waliingia kijijini. Alimbeba Benite wakajificha kwenye shamba la mihogo. Mke wake alikuwa nao, halafu akakumbuka diplome ya mume wake imebaki ndani ya nyumba, chini ya godoro. Akasema bila karatasi ile utafundisha wapi. Akarudi kuichukua. Hakutoka tena.

Maneno yote marefu yalikuwa ndani ya habari ile, kila moja mahali pake. Tuliikariri wiki mbili. Mi niliisema vizuri kuliko wote, bila kosa, na Mwalimu alinipigia makofi huku anapangusa macho.

Mwaka jana, mwezi wa pili, ofisi ikaniita mimi kabla yake.

Sasa nitasema, na anayetaka kunihukumu anihukumu. Habari yangu mimi ilikuwa nyepesi. Nyumba yetu ilichomwa, ndiyo, lakini hakuna aliyekufa ndani. Mume wangu hakuuawa na mtu. Alinikimbia na mwanamke mwingine wakaenda Kalemie, akaniachia Espoir na mdogo wake. Nani atakupeleka ng'ambo kwa sababu umeachwa? Nilikaa mbele ya yule mzungu, mkalimani nimemkataa, na nilipofungua mdomo ikatoka diktee. Shamba la mihogo. Mume aliyerudi kuchukua diplome yake. Mume wangu mimi, aliyekuwa anabeba magunia bandarini na hakumaliza hata darasa la tatu. Na sleeplessness, na complete powerlessness, yote. Mzungu aliacha kuandika akanipa kitambaa cha karatasi nifute machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, hilo msiniondolee.

Mwezi wa nne wakamwita Mwalimu. Alivaa koti la harusi yake, akamchukua Benite kwa taksi-velo, baiskeli ya kukodi, yeye mwenyewe akatembea kando. Alirudi saa tisa, akaketi kwenye kidumu bila kuvua koti. Nikamuuliza imekwendaje.

"Ameniuliza swali moja ile silielewe," akasema. "Ameniuliza kama diplome ilikuwa ya mume ao ya muke."

Mi nilielewa. Niliingia ndani nikajifanya nachambua mchele.

Jibu lilitoka baada ya wiki sita. Waliandika kwamba maelezo yake yanafanana sana na ya mtu mwingine aliyehojiwa kabla, hata sentensi ni zilezile, kwa hiyo wanaona amefundishwa cha kusema. Mwalimu, aliyetufundisha sisi. Walimpa siku thelathini za kukata rufaa.

Ningeweza kusema siku ile. Mimi dosie yangu ilikuwa imeshapita, tulikuwa tunasubiri vipimo vya hospitali. Kila asubuhi nilijiambia leo. Nilikuwa namsikia Benite ukutani anavyotafuta pumzi, nami nafunga ndagala zangu kwenye beseni, natoka.

Siku ya ishirini na nane Mwalimu alikuja mlangoni kwangu na karatasi.

"Mama Espoir," akasema, "we ndiye unajua Kiingereza kupita hawa wengine. Nisomee. Uangalie kama iko makosa."

Nikasoma. Hakuweka neno hata moja refu. Sentensi fupi fupi, za mtoto. Mke wangu alikufa. Mtoto wangu anaumwa. Na mstari wa mwisho aliandika hivi: I do not know the person who told my story. Simjui mtu aliyesema habari yangu.

Nikainua macho. Alikuwa ananiangalia, wala si kwa hasira. Kati ya sisi tisa, aliyeitwa kabla yake alikuwa mmoja tu, mimi. Hesabu hiyo hata mtoto anaifanya.

"Mwalimu," nikasema, "hawatakuamini hivi. Watataka jina."

"Watoto wako iko wawili," akasema. "Wakifunga dosie yako, hawatafungua yangu. Iko makosa, ao haiko?"

Nilimchukia saa ile. Kweli kabisa, nilimchukia, kwa sababu angenitukana ningeweza kumjibu.

"Apana, Mwalimu," nikasema. "Haiko makosa."

Alikunja karatasi yake akaenda kuipeleka.

Rufaa wameikataa. Wamemjibu kwamba hakuleta jambo jipya. Darasa limekufa, watu wanaona afadhali wasionekane naye, na ndiyo hao wanaosema aliuza hadithi. Benite sasa hatoki nje. Juzi nilimpelekea uji, akaniuliza huko tunakokwenda ni baridi kiasi gani, akataka kujua kama Espoir ana soksi. Alizungumza kidogo kidogo, neno, pumzi, neno, pumzi.

Ndege yetu ni Jumanne. Leo Jumamosi. Ofisi inafungua Jumatatu saa mbili asubuhi, na kutoka hapa ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Ningefika, ningesema ni mimi, na labda wangefungua dosie ya mtu wa kweli, labda wasingefungua. Nimefikiria jambo hilo juma zima. Jana jioni nimeshona soksi za Espoir, nimefunga masanduku, na Mwalimu nimemwomba tukiondoka amrudishie mwenye nyumba ufunguo, kwa sababu Jumatatu asubuhi nitakuwa sokoni kuaga.