Udongo wa Bi Sabra Wapigwa Leza

Saa moja na nusu asubuhi, Kitaya. Bi Sabra Nampembe anapunga bendera nyekundu kando ya kijito kinachoingia Ruvuma, akimtangazia kila apitaye: "Wataalamu wote hawa hawawezi kitu bila mimi!"

Kisha anakohoa kidogo. "Kuna bata wanakaa mbele ya mtambo. Mimi ndiye nawafukuza."

Mtambo wenyewe ni wa leza. Unarusha mapigo makali ya mwanga, yanapita hewani mpaka ukingo wa ng'ambo, ta! Cheche inaruka kwenye udongo. Kompyuta iliyo huku inasoma rangi za cheche hiyo na kutaja madini yaliyomo. Hakuna haja ya mtu kuvuka maji yenye mamba.

"Mimi nimevuka miaka ishirini na miwili, na leza sina," anasema mjane huyu wa miaka sitini na mitatu. Anauza udongo wa kula, ule mweupe wanaoutamani wajawazito. Kipande chake ni shilingi mia mbili. Cha wenzake mia. "Hiyo mia ya juu ni ya mamba."

Biashara ilikwama tangu masika, ziliposikika habari kwamba udongo wa ng'ambo huenda una risasi. Wapo wateja waliodhani ni za bunduki, wakautema palepale. Wakafafanuliwa: ni madini yenye sumu, mabaya kwa mama na mtoto. Yakionekana leo, Bi Sabra hatauza tena.

"Wakinifungia nitashukuru vilevile," anasema. "Udongo umenipa nyumba ya bati, umemsomesha mwanangu Shamimu mpaka ualimu. Bora nijue kabla sijamdhuru mtoto wa mtu."

Baada ya mapigo arobaini, Lucy, mtaalamu wa mtambo, anavua miwani yake nyeusi.

"Bibi, pole. Ukingo wote una risasi."

Bi Sabra anakaa chini, bendera mapajani.

Lucy anachukua vipande vitatu kwenye kapu la bibi, anavipanga juu ya jiwe mbali na watu, anapiga. Anatazama. Anapiga tena.

"Hivi havina! Maabara itathibitisha, lakini mimi sioni hata chembe."

"Alhamdulillahi! Ahsante mwanangu! Ahsante na hiyo mashine!"

"Ila, bibi, hivi havikutoka ng'ambo."

Rehema, mteja wake mwenye mimba ya miezi saba, anasogea. "Sasa vimetoka wapi?"

"Nyuma ya jiko langu."

"Na ile kanga uliyotuonyesha, iliyoraruliwa na mamba?"

Bi Sabra anaikunja bendera taratibu.

"Mbuzi wa jirani yangu Zuberi," anasema.