Ulinzi Niliouzima

Niliponunua kompyuta mpya ya steshenari yangu hapa Songea, programu yangu ya zamani ya kusafisha picha ilikataa kufunguka. Kompyuta ilinionya kwamba programu hiyo imepitwa na wakati na si salama. Mkono wangu ulishaizoea, nikazima ulinzi wote ili ifunguke. Nikajiona mjanja, mjinga mimi!

Wiki ileile mama mmoja wa Mpitimbi alileta picha pekee ya marehemu mumewe, imeliwa na mchwa. Niliiskani, na karatasi ikamomonyoka nikiitoa kwenye mashine. Nikashinda siku mbili nikiutengeneza ule uso.

"Nitunzie humo humo, mwanangu," alisema. "Nikishavuna mahindi nitakuja kuichapisha."

Kabla hajavuna, mteja mmoja alichomeka flashi yenye virusi. Picha zote zikajifunga, hazikufunguka tena.

Aliporudi nilimwamkia shikamoo, nikamweleza huku nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alivuta kiti, akakaa.

"Wewe si ulimtazama siku mbili nzima? Mimi nimeanza kumsahau. Hebu niambie, alikuwaje?"