Upande Wangu wa Bakuli

Nikipita mahali dagaa wanakaangwa, hasira hunipanda kabla ya njaa. Watu hunicheka nikisema hivyo, lakini ninyi nisikilizeni kwanza. Nilipokuwa na miaka kumi tulikaa Kasingirima, pale Ujiji, ukuta kwa ukuta na Mama Zuhura, na kila jioni harufu ya dagaa wake wa chumvi na ndimu iliruka ua ikatukuta tumekaa mbele ya maharage yasiyo na ladha yoyote.

Mama alikuwa anaumwa moyo. Miguu ilimvimba, pumzi ilimwishia akitoka chumbani kwenda uani, na daktari alikuwa amempa vidonge na kumkataza chumvi kabisa. Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Baba alikuwa tabibu kambini, huko njia ya Kasulu, akitibu watu wengine kutwa nzima huku mgonjwa wake mwenyewe akiachiwa mimi na Shangazi. Shangazi, dada yake Baba, aliteremka kutoka Kalinzi na kikapu cha maharage, na siku aliyofika ndiyo siku aliyotangaza sheria yake.

"Mie vyungu viwili sipiki," alisema. "Mtu akipikiwa chake peke yake, mmeshamfanya mgeni kwake. Anachokula yeye ndicho tutakachokula wote."

Basi kopo letu la chumvi likapelekwa kwa Mama Zuhura likatunzwe huko, nami nikaanza kutumikia adhabu ya kosa nisilolijua. Ugali wa muhogo, bakuli moja la mboga katikati, sisi watatu mkekani. Migebuka, samaki wa ziwa letu, ikichemshwa bila chumvi, niaminini, ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Shule zilikuwa zimefungwa. Wenzangu walikuwa ziwani wanaogelea, mimi nabeba beseni la mgonjwa. Na kila asubuhi nilikuwa na kazi niliyoichukia kuliko zote: kuubonyeza mguu wa Mama kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kuhesabu hadi tano, kisha kuachia na kumpazia Shangazi sauti kama shimo limerudi kuwa sawa au limebaki.

"Limerudi!"

"Ego, Mungu mkubwa," alijibu kutoka jikoni, akiitikia ndiyo kwa Kiha chake, na siku ikaanza.

Krismasi ilipokaribia, uvumilivu uliniishia. Sisi tulikuwa na desturi ya kuwapelekea majirani pilau siku ya Krismasi, kama wao walivyotuletea siku ya Idi. Nilimwuliza Shangazi kama pilau hiyo nayo ingepikwa bila chumvi, akasema ndiyo, tena akashangaa kwa nini nauliza. Nililia kwa aibu. Kesho yake nikaenda kwa Mama Zuhura, nikamdanganya kwamba jino linaniuma na nataka kusukutua, nikachota kwenye kopo letu wenyewe. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, ya punje kubwa. Nikaifunga kwenye karatasi ya daftari na kuitia mfukoni mwa gauni.

Shangazi alikuwa mtu wa sala ndefu. Kabla ya kula aliwaombea wagonjwa, wasafiri, Baba, wakimbizi, mpaka ugali ukapoa. Alipofumba macho, mimi nilinyunyiza chumvi upande wangu wa bakuli. Nilijiambia upande wangu ni wangu, kana kwamba mchuzi una mpaka.

Siku ya tatu nikaona mkono wa Mama unavuka. Alichovya kwangu, tonge baada ya tonge, akitafuna polepole. Nilifurahi kwamba amepata hamu ya kula. Shangazi naye alifurahi, akasema dawa zimeanza kufanya kazi. Tukaendelea hivyo karibu wiki nzima.

Asubuhi moja nikabonyeza, nikahesabu tano, nikaachia. Shimo likabaki, kama kwenye unga wa chapati. Kufika jioni Mama alikuwa hawezi kulala chali. Alikaa ameegemea mito, anahema. Shangazi alijilaumu, akazisugua sufuria zote kwa majivu akidhani zina chumvi ya zamani iliyogandia. Tukamtumia Baba ujumbe kwa dereva wa lori. Jibu lilikuja siku ya pili: watu wengi wamevuka mpaka, hawezi kutoka, Mama aongezewe vidonge. Niliwachukia watu hao waliokuwa wamekimbia na roho zao tu. Leo naona haya kulisema, lakini niliwachukia.

Nikaenda kitandani kwa Mama, nikamwambia yote huku nikilia. Alinishika mkono.

"Usimwambie shangazi yako," alisema.

Nikadhani ananikinga. Nikaenda kuitupa chumvi chooni, karatasi na yote.

Vidonge vilimkojoza, uvimbe ukapungua, na Krismasi ikamkuta ameketi. Baba hakuja. Pilau ilikwenda kwa Mama Zuhura jinsi ilivyokuwa, naye kwa adabu zake akashukuru. Tulipokaa kula, Mama alisogea akaketi ubavuni pangu kabisa. Shangazi akasali. Kisha mkono wa Mama ukavuka, ukachovya mchuzi wa kuku upande wangu, ukarudi mdomoni. Alitafuna. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, wala sikuiona tena.

Miaka minne baadaye alifariki. Sikuwahi kumwuliza, na hata baada ya kufa kwake niliamini hakunisamehe kwa kumvimbisha.

Mwaka jana daktari aliniambia na mimi presha iko juu, niache chumvi. Siku ya tisa bila chumvi nilikuwa mezani na binti yangu, macho yakawa kwenye sahani yake iliyokolea chumvi, na mkono wangu ukaondoka wenyewe kuielekea. Kumbe siku ile ya Krismasi Mama alikuwa anaitafuta chumvi yangu, akakuta nimeitupa. Na Shangazi hakutakiwa kujua kwa sababu hiyo hiyo. Nilimkasirikia pale pale mezani, mtu wa watu aliyekwisha kuoza kaburini, nikamlilia, kisha nikachovya.